Kipa Aliyeelekea Wavuni

Sifa njema zote ni zake Yeye asiyeonekana kwa macho, naye haachi kuona. Baada ya kumsifu, hadithi na ifuate.

Ilikuwapo nchi moja ambayo jina lake, kisheria, halitajwi ila mtajaji awe amesimama wima. Kwa kuwa msomaji huenda amekaa, au amejinyoosha kitandani, jina hilo tutaliacha, tusije tukamtia hatiani bure. Nchi hiyo ilikuwa na mtawala aliyeitwa Mkuu Mlezi, ilikuwa na timu ya kandanda iliyoitwa Fahari, na ilikuwa na sheria moja iliyozipita sheria nyingine zote kwa utukufu, nayo ni Adabu ya Kuelekea. Adabu hiyo ilimkataza raia kumpa Mkuu Mlezi mgongo, awe karibu naye au mbali, awe amekaa au anakimbia.

Katika maofisi na karamu sheria hiyo haikuleta taabu kubwa. Watu walizoea kutoka vyumbani kinyumenyume, na maseremala wa serikali wakaipanua milango ili wakubwa wasijigonge visogo. Taabu ilikuja pale Mkuu Mlezi alipoupenda mpira. Akajengewa jukwaa refu nyuma ya lango la kaskazini, penye kivuli, na juu yake kikawekwa kiti cha enzi. Fahari ikapewa lango hilo ililinde kipindi cha kwanza na cha pili, leo na siku zote, kwa maana kulishambulia kungekuwa ni kumpigia Mkuu Mlezi mipira, na hiyo ni jinai. Basi wachezaji wa Fahari wakawa wanalishambulia lango la kusini kinyumenyume, nyuso zao kwa Mkuu, wakiutafuta mpira kwa visigino. Mashabiki nao, maelfu kwa maelfu, walikaa wamekaza shingo, macho juu kwenye kiti, na mchezo wakaufuata kwa masikio.

Aliyekuwa na kazi nzito kuliko wote ni kipa. Makipa wa mataifa mengine huupa wavu mgongo wakautazama uwanja. Kipa wa Fahari alisimama mstarini akiwa ameutazama wavu na, juu ya wavu, akimtazama Mkuu Mlezi. Mabao aliyajua yakishampita.

Wageni hawakufungwa na Adabu, kwani hawakuwa raia. Walikuja, wakacheza, wakafunga, wakapanda mabasi yao wakaenda zao, na baadhi yao walionekana kuona haya kwa urahisi wa kazi. Ugenini hali haikubadilika, kwa kuwa Fahari ilisafiri na picha ya Mkuu Mlezi na kuitundika nyuma ya lango lake. Msimu ulipokwisha, timu ilikuwa chini kabisa ya Ligi ya Majirani, na nchi nzima ikaanza kuulizana, kwa mshangao wa dhati, ni kitu gani kilichotokea.

*

Mzee Mbwana Shali alikuwa shabiki wa Fahari tangu ujana wake, na alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri na sauti iliyofaa kukimu sala. Haya yote hayakumtia wasiwasi. Kilichomtia wasiwasi ni kwamba kipa wa Fahari alikuwa mwanawe wa pekee, kijana aliyempa jina la Ghalibu, yaani mshindi, katika siku ambayo alikuwa na matumaini mengi.

Kila jioni baada ya sala ya alasiri Mzee Mbwana alikaa barazani pamoja na mashabiki wenzake, kahawa ikapita, na mjadala ukaanza. Msemaji wao alikuwa Hatibu Kisauti, mchambuzi wa mpira katika redio ya taifa, mtu mnene mwenye koo pana, ambaye hakuwa ameiona mechi hata moja ya msimu ule na aliweza kuzieleza zote. Alieleza kwamba Fahari ilikosa kiungo mwenye mapafu. Siku ya pili alieleza kwamba viungo walikuwapo na mapafu pia, tatizo ni pilau waliyokula kabla ya mechi, iliyokuwa na bizari nyingi. Wengine walitaja upepo. Wako waliotaja soksi, wakasema rangi ile ya zafarani haijapata kushinda popote. Muuza nguo mmoja alishikilia kwamba pana jini katika mlingoti wa kibendera cha kona, na watu wazima wenye wajukuu wakalijadili jini hilo hadi adhana ya magharibi, kabila lake na chakula chake.

Ni watu hawahawa ambao katika sala walikuwa hawatulii. Imamu akirukuu, wao wageuza macho kutazama viatu vyao mlangoni. Lakini mbele ya kile kiti cha uwanjani waliweza kukaa mchana kutwa bila kupepesa.

Jioni moja kijana kinyozi, aliyekuwa mgeni katika mtaa, alisema kwa unyenyekevu, "Mimi wazee wangu naona huyu kipa, namna anavyosimama..."

Baraza zima likashikwa na kikohozi. Kahawa ikamwagika. Mtu akauliza bei ya nazi, mwingine akajibu kwamba nazi mwaka huu ni ndogo, na wote wakalizungumza jambo la nazi kwa uchungu mkubwa. Kinyozi akamaliza kikombe chake. Kesho yake yeye pia alikuwa na maoni juu ya soksi.

Mzee Mbwana alikohoa kwa nguvu kuliko wote.

*

Serikali haikupendezwa kuona watu wake wanabaki na swali. Waziri wa Ushindi, mheshimiwa Fakihi Zongo, aliyevaa nishani hata za vita ambavyo nchi haikupigana, akatangaza Mjadala Mkuu wa Mashabiki. Watu wote watakusanyika uwanjani Jumamosi, mbele ya Mkuu Mlezi, na kila mwenye sababu ataitoa kwa uhuru kamili. Kabla ya jua kuchwa itateuliwa sababu moja, nayo itaitwa Sababu ya Taifa.

Uhuru huo kamili ulikuja na masharti machache. Sababu iliruhusiwa kugusa mbingu, ardhi, wanyama, marehemu na mataifa ya nje. Haikuruhusiwa kugusa kiti, jukwaa, kivuli, wala upande wowote wa dira. Wasemaji walikatazwa pia maneno "mbele" na "nyuma", ambayo Wizara iliyaona kuwa ya uchochezi. Na sharti la mwisho lilisema kwamba ikikosekana sababu ya kufaa, atateuliwa kuwa Sababu ya Taifa mtu aliyekuwa karibu zaidi na mabao yalipoingia, apelekwe katika mashamba ya chumvi ya kule jangwani ajitafakari. Watu waliopelekwa kujitafakari huko wanajitafakari hadi leo.

Mtu aliyekuwa karibu zaidi na mabao yalipoingia hakuhitaji kutafutwa.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya kula, Ghalibu alinawa mikono akakaa mkekani mbele ya baba yake. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye viganja vipana ambavyo havijawahi kutumika.

"Baba, anakoroma," akasema.

"Nani anakoroma?"

"Unamjua. Mpira ukianza tu, amekwisha lala. Miwani ile nyeusi ni pazia. Msimu mzima nimesimama nikimtazama mtu aliyelala, na mipira inanipita masikioni."

Mzee Mbwana akatazama dirishani, akaomba msamaha kwa Mola kwa sauti, kisha akauliza kwa sauti ya chini ni nani mwingine aliyeambiwa neno hilo.

"Nimwambie nani, baba? Ninyi nyote mnamtazama yeye. Hamkuona taya linavyoshuka?"

 Taya Mzee Mbwana alikuwa ameliona likishuka tangu mechi ya kwanza, naye alikuwa amejiambia kwamba hivyo ndivyo watu wakubwa wanavyofikiri.

Ghalibu akasogea. Akasema kwamba yeye hawezi kujitetea, kwa kuwa kipa hakupewa nafasi ya kusema. Wanaosema ni mashabiki. Akasema kwamba neno linalotakiwa ni fupi, nalo liko katika kila kinywa cha nchi ile, limebanwa na meno tu. Kipa aruhusiwe kugeuka. "Wewe una ndevu nyeupe, na watu wanaswali pembeni yako kila siku. Ukilisema wewe, wako watakaolisema baada yako. Nisemee, baba."

"Nitasema," akajibu Mzee Mbwana, na alipolitamka aliona kifua chake kinapanuka kama cha kijana. Ghalibu akaubusu mkono wake.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu walikaa wamekaza shingo, Mkuu Mlezi akapandishwa kitini na watu wanne, miwani yake ikapanguswa, na Waziri Zongo akasimama kuufungua mjadala. Kwa kuwa hakuweza kumpa Mkuu mgongo, aliwahutubia watu akiwa amewaangalia kwa kisogo.

"Ndugu wananchi," akasema, "wako maadui wanaodai kwamba tulishindwa. Hatukushindwa. Tulichokipata ni ushindi ambao bado haujatufikia. Kazi yetu leo ni kumjua aliyeuchelewesha njiani."

Makofi yakapigwa kuelekea kwenye kiti.

Mjadala ukaenda kwa kasi. Bingwa mmoja wa Chuo Kikuu alithibitisha, kwa fimbo na chungwa, kwamba dunia ni duara na kwa hiyo uwanja una mteremko unaowafaa wageni. Alishangiliwa sana, mpaka Waziri alipokumbusha kwamba uwanja ulisawazishwa na shemeji yake Mkuu Mlezi, na bingwa akalikata chungwa akalila. Mchinjaji wa mjini akaulaumu mpira, akasema ngozi yake ni ya ng'ombe mkaidi. Ikaelezwa kwamba mipira iliteuliwa na binamu yake Mkuu. Mwingine akazilaumu nyasi, na nyasi zilikuwa zimepandwa na Wizara. Soksi zilichaguliwa na mke mdogo. Pilau ilipikwa na mama mkwe. Hata jini wa kibendera aliachiliwa, baada ya mtu kumnong'oneza Waziri kwamba mlingoti ule ulizinduliwa na Mkuu Mlezi mwenyewe kwa kukata utepe. Jua likaanza kuteremka, na kila sababu iliyoletwa ilikutwa ina jamaa zake.

Akasimama Hatibu Kisauti. Alijitahidi kuieleza safu ya ushambuliaji bila ya yale maneno mawili yaliyokatazwa. Akasema kwamba mshambuliaji alikwenda kule, kisha akarudi huku, kisha mpira ukawa upo pale. Watu wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Halafu akasafisha koo.

"Ndugu zangu, tuseme kweli," akanguruma. "Tatizo ni kipa. Kijana hana bidii. Mpira unakuja, yeye ametulia kama mteja wa duka anayengoja chenji. Mimi nimemtazama msimu mzima."

Minong'ono ya faraja ikaenea uwanjani, kwani kipa hakuwa na shemeji serikalini. Watu waliokunywa kahawa kwa Mzee Mbwana miaka yote walianza kukumbuka uvivu wa Ghalibu tangu utotoni. Mmoja akakumbuka kwamba hata kutembea alichelewa. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama mstarini, katika jezi yake, amekielekea kiti kama ilivyotakiwa, na askari wawili walikuwa wamekwisha kusogea ubavuni mwake.

Ndipo Mzee Mbwana aliponyoosha mkono akapewa nafasi.

Alisimama. Neno lilikuwa tayari kinywani, fupi kama alivyoambiwa. Akainua macho kwenye kiti, akaliona taya limeshuka, mate yanang'aa katika pembe ya mdomo wa Mkuu Mlezi, na kifua kinapanda na kushuka kwa amani. Mtu yule asingesikia lolote. Asingeamka hata kama lingetangazwa kwa tarumbeta. Lakini pembeni mwa Mzee Mbwana walikuwapo majirani zake, wenzake wa kahawa na wa safu ya mbele, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuona kwa pembe ya jicho ni nani anayesimama, na kila mmoja alikuwa akijivuta kidogo kutoka kwake. Hakumwogopa aliyelala. Aliwaogopa hawa walio macho, wanaomlinda asiamke.

Akameza mate, na lile neno likashuka nayo.

"Waheshimiwa," akasema, na sauti yake ya kukimu ikatulia vizuri juu ya vichwa vya watu, "mimi ni mzee, na nimelitafakari jambo hili kwa dua. Mwanangu hana kosa, na timu haina kosa. Wenye kosa ni wageni. Wanaingia katika nchi ya watu wenye heshima, na mbele ya Mkuu... hapana, naomba radhi, hadharani kwa Mkuu Mlezi, wanageuka wanavyotaka. Wanampa mgongo bila haya. Sisi tunacheza kwa adabu, wao wanacheza mpira tu. Huu si ushindani wa haki. Waelekee na wao, tuone nani mshindi."

 Waziri Zongo alikuwa mtu wa kwanza kutambua uzuri wa jambo lile, kwa kuwa lilikuwa halina shemeji hata mmoja. Akalia machozi. Uwanja ukalipuka kwa takbira, na watu waliokuwa wamejivuta kutoka kwa Mzee Mbwana wakarudi wakamkumbatia, wakamwinua mabegani, kinyumenyume. Akapewa palepale cheo cha Shaha wa Sababu. Askari wakamwacha Ghalibu. Kijana hakugeuka kumtazama baba yake, nayo hiyo ikahesabiwa kuwa ni adabu.

*

Majirani waliletewa taarifa kwamba timu yoyote itakayocheza na Fahari itacheza ikimwelekea Mkuu Mlezi. Majirani wakajibu kwa ufupi kwamba hawatakuja. Serikali ikayapokea majibu hayo kama mtu anayepokea funguo za mji, ikajitoa katika Ligi ya Majirani, na ikaanzisha Ligi ya Wenye Adabu, yenye timu moja. Fahari ikawa inaingia uwanjani kila Jumamosi, inangoja wageni ambao hawakualikwa, inapewa ushindi wa mezani, kisha inacheza peke yake ili watu wasirudi nyumbani bila burudani. Kabla ya nusu ya msimu ilikuwa imekwisha kuwa bingwa.

Alfajiri moja Mzee Mbwana alitoka msikitini akamkuta mwanawe ukumbini, mfuko begani, viatu miguuni. Akamuuliza anakwenda wapi. Ghalibu akataja timu ndogo ya upande wa pili wa mpaka, timu ya wavunja kokoto, isiyo na jukwaa wala kiti, ambayo ilikuwa ikitafuta kipa.

"Wakati huu, mwanangu? Wakati umeokoka?" akauliza mzee. "Nilikuokoa, Ghalibu. Ungekuwa kwenye chumvi sasa hivi."

"Uliniokoa. Nimekushukuru." Kijana aliyasema hayo bila hasira, na hilo lilimuuma mzee zaidi. "Lakini ulisema utasema."

"Nilisema kinachowezekana."

"Ndiyo. Na mimi nimerudishwa palepale, nautazama wavu. Nimeshazijua nyuzi zake zote, baba. Nataka kuuona mpira unakuja. Hata ukinipita, niuone unakuja."

Mzee Mbwana akasema maneno mengi, ya upole na ya vitisho, na ya mwisho kabisa yalikuwa haya: kwamba watu watasema amempa Mkuu Mlezi mgongo.

"Watakuwa wamesema kweli, kwa mara moja," akajibu Ghalibu. Akambusu mkono, akafungua mlango, akatoka.

Alitoka kwa kwenda mbele. Mzee Mbwana alisimama kizingitini akimtazama anateremka kichochoro, na jambo lilimshangaza: ni miaka mingi hakuwa ameona mgongo wa mtu anayeondoka. Mabega ya mwanawe yalikuwa mapana kuliko alivyodhani, na shati lilikuwa na kiraka chini ya ukosi, kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, kazi ya mikono ya kijana mwenyewe. Alitamani kuita. Kisha akafikiri kwamba majirani wako kwenye kuamka, na sauti yake hubeba mbali. Akaufunga mlango polepole, usilie.

*

Jumamosi ile Mzee Mbwana aliingia uwanjani. Kama Shaha wa Sababu alikuwa na kiti cha mto katika safu ya mbele, ambacho kila mtu alikiona. Aliketi akangoja kelele. Sasa hivi watagundua kwamba lango halina mtu. Sasa hivi mtu atauliza yuko wapi mwanao.

Kipenga kikalia. Wachezaji wa Fahari wakaanza kwenda kinyumenyume kuelekea kusini, wakisukumiana mpira kwa visigino, bila mpinzani yeyote. Maelfu ya mashabiki yalikaza shingo, macho juu. Huko juu taya likashuka. Dakika zikapita, kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza, na hakuna aliyesema kitu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitazama. Mzee Mbwana peke yake ndiye aliyeteremsha macho mara moja, kwa wizi, akauona wavu na mstari mweupe, na baina yao nyasi zilizolala pale ambapo miguu ya mwanawe ilikuwa ikisimama.

Kelele zikapanda ghafla, kama zilivyozoea kupanda kila zilipochoka kunyamaza. Fahari imeshinda. Watu wakakumbatiana huku shingo zimeelekea jukwaani. Hatibu Kisauti, aliyekaa ubavuni mwa Mzee Mbwana, akampiga begani kwa furaha, kisha akapaza sauti ili safu nzima ipate kusikia na kushuhudia.

"Shaha wetu, leo mwanao amedaka. Ule wa dakika za mwisho, umeona alivyouruka?"

Watu wa safu ya mbele wakanyamaza kumngoja, nyuso zao kwa Mkuu, masikio yao kwake.

"Nimeona," akasema Mzee Mbwana.